Penn State yaikaribisha Indiana: kocha ameondolewa, msimu umevunjika, nini kimebaki cha kupigania?

Jumamosi hii, tarehe 8 Novemba 2025, saa moja ya jioni (19h00) kwa saa za Goma, Bukavu na Lubumbashi, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Penn State itaingia kwenye uwanja wake wa Beaver Stadium, katika jimbo la Pennsylvania, kupambana na Chuo Kikuu cha Indiana.

Mwezi Agosti, kabla ya msimu kuanza, mchezo huu haukuwa na swali. Penn State ilikuwa nambari 2 katika orodha ya timu bora 25 ya shirika la habari la AP, na wengi waliitaja kati ya timu zinazoweza kuchukua ubingwa wa taifa. Leo mambo yamegeuka. Penn State imepoteza michezo 5 mfululizo. Kocha wake wa miaka 11 amefukuzwa. Mrushaji wake mkuu wa mipira ameumia na hatarudi msimu huu. Na nambari 2 ya nchi sasa ni mgeni: Indiana imecheza michezo 9 na imeshinda yote 9.

Je, mwenyeji ana nafasi? Na kama hana, anacheza kwa ajili ya nini?

Maswali haya si ya Wamarekani peke yao. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi, Wakongomani walikuwa kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, mpaka mlango ulipofungwa mwezi Januari mwaka huu. Familia nyingi za Kivu zilizopitia kambi za Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania leo zinaishi kule, na miji ya Erie na Lancaster, yote ya Pennsylvania, ina jamii za Wakongomani wanaoongea Kiswahili. Watoto wao wanasoma sekondari ambako Ijumaa usiku ni usiku wa mchezo huu. Wazazi wengi wanaulizwa na watoto wao: nikicheza vizuri, chuo kikuu kitanilipia masomo? Yanayotokea Penn State ni sehemu ya jibu.

Ushindi mara tatu, kisha shimo

Msimu ulianza kwa furaha. Penn State iliipiga Nevada 46-11, ikaipiga Florida International 34-0, ikaipiga Villanova 52-6. Michezo yote mitatu ilichezwa nyumbani, dhidi ya timu ndogo. Mashabiki walifurahi, lakini hakuna aliyejua kweli kikosi kina nguvu kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekisukuma.

Jaribio la kwanza lilikuja tarehe 27 Septemba. Oregon, moja ya timu bora za nchi, ilifika Beaver Stadium mbele ya watu zaidi ya 110,000 waliovaa nyeupe kama desturi ya chuo hicho kwenye mchezo mkubwa wa mwaka. Penn State ilikuwa nyuma 17-3 katika robo ya mwisho, ikafufuka, ikasawazisha 17-17. Katika muda wa nyongeza wa pili, mrushaji Drew Allar alitupa mpira uliokamatwa na adui. Oregon ikashinda 30-24.

Kupoteza kwa Oregon si aibu. Aibu ilikuja juma moja baadaye, Los Angeles. UCLA ilikuwa haijashinda hata mchezo mmoja kati ya 4 na ilikuwa imekwisha kumfukuza kocha wake. Mpaka mapumziko, UCLA iliongoza 27-7. Mwishoni ilikuwa 42-37 kwa UCLA. Tarehe 11 Oktoba, Northwestern ilifika Pennsylvania na kushinda 22-21, na siku hiyo hiyo Allar akapata jeraha lililofunga msimu wake. Uwanjani mashabiki walikuwa wanaimba wakitaka kocha aondoke.

Kesho yake, tarehe 12 Oktoba, James Franklin alifukuzwa.

Msaidizi wake Terry Smith, aliyevaa jezi ya chuo hicho hicho alipokuwa kijana, alipewa timu kwa muda. Ameongoza michezo 2, akapoteza yote: 25-24 nyumbani kwa Iowa, na 38-14 nyumbani kwa Ohio State, bingwa wa taifa wa msimu uliopita. Sasa Penn State ina ushindi 3 na kushindwa 5. Ndani ya ligi yake, inayoitwa Big Ten, haijashinda hata mara moja.

Pointi 13

Ukisoma matokeo hayo haraka, unaweza kusema timu hii ni dhaifu. Lakini hesabu inasema kitu kingine.

Weka pembeni mchezo wa Ohio State. Katika michezo minne ya kwanza iliyopotea, tofauti ilikuwa pointi 6, pointi 5, pointi 1 na pointi 1. Jumla ni pointi 13. Kwa msomaji ambaye hajazoea mchezo huu: kufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la adui kunaleta pointi 6, na teke linalofuata linaongeza 1. Kwa hiyo pointi 13 ni chini ya mara mbili ya kufikisha mpira. Kwa umbali huo mdogo, timu iliyotajwa kwa ubingwa imegeuka timu ya kuchekwa.

Hata kwa Ohio State, mpaka mapumziko Penn State ilikuwa nyuma 17-14 tu. Kipindi cha pili haikupata pointi hata moja.

Ndiyo maana tunasema ugonjwa wa timu hii hauko kwenye vipaji. Uko kwenye dakika za mwisho. Kwa Oregon ilikuwa mpira mmoja uliotupwa vibaya. Kwa Iowa, Penn State ilikuwa mbele katika robo ya mwisho, kisha mrushaji wa Iowa akashika mpira mwenyewe na kukimbia mbio ndefu katikati ya ulinzi, na hapo ndipo ushindi ulipopatikana. Timu inayojua kushinda hufunga mlango wakati huo. Timu inayoogopa kushindwa huuacha wazi.

Na woga huu haukuanza mwaka huu. Kwa miaka yake yote Penn State, Franklin alishinda michezo 104 na kupoteza 45. Ni kazi ambayo makocha wengi wangeitamani. Lakini mbele ya timu zilizokuwa ndani ya 10 bora za nchi, alishinda mara 4 na kupoteza 21. Aliwapiga wadogo, akaanguka mbele ya wakubwa. Mwezi Januari mwaka huu alifika nusu fainali ya ubingwa wa taifa, akapoteza 27-24 kwa Notre Dame, tena baada ya mpira wa Allar kukamatwa mwishoni.

Wachezaji kadhaa wakubwa, kati yao Allar na wakimbiaji Nicholas Singleton na Kaytron Allen, waliamua kuahirisha safari yao ya ligi ya kulipwa, NFL, ili warudi kutafuta ubingwa. Chuo kilimleta Jim Knowles, mtaalamu wa ulinzi aliyekuwa ametoka kushinda ubingwa na Ohio State. Kila kitu kilipangwa kwa lengo moja: ubingwa mwaka huu au hakuna. Oregon ilipoondoa sehemu ya ndoto hiyo, hakukuwa na lengo la pili la kuwashikilia vijana. UCLA ililipata kundi la watu waliokuwa bado wanaomboleza.

Dola milioni 49

Kumfukuza Franklin si kitu rahisi. Mwaka 2021 alikuwa amepewa mkataba wa miaka 10. Kwa kuuvunja, chuo kilijifunga kwa fidia ya karibu dola milioni 49. Deni hilo linaweza kupungua akipata kazi kwingine, lakini siku chuo kilipotoa uamuzi, hicho ndicho kiasi kilichokuwa mezani.

Penn State haiko peke yake. Mwezi Oktoba huo huo, LSU ya Louisiana ilimwondoa Brian Kelly, ambaye fidia yake ilitajwa kuwa zaidi ya dola milioni 50, na Florida ikamwondoa Billy Napier. Mwezi huu Auburn nayo ikamfukuza kocha wake. Vyuo vikuu hivi vinafundisha udaktari, kilimo na sheria, lakini kwenye futiboli vinafanya kazi kama makampuni makubwa.

Pesa zinatoka wapi? Zinatoka kwenye tiketi, kwa matajiri waliosoma kwenye chuo, na zaidi kwenye televisheni. Big Ten ina mkataba wa miaka 7 na televisheni za Fox, CBS na NBC wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Penn State yenyewe iko katikati ya ukarabati wa uwanja unaogharimu dola milioni 700. Ukiwa na uwanja wa namna hiyo, huwezi kuvumilia viti vitupu. Hapo ndipo unaona sababu ya uamuzi wa tarehe 12 Oktoba: viongozi walihesabu kwamba kumlipa kocha aondoke ni hasara ndogo kuliko kumwacha abaki na watu waache kununua tiketi.

Kwa miaka mingi wachezaji hawakupata sehemu ya pesa hizo. Walilipiwa masomo, malazi na chakula, basi. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huu, baada ya kesi ndefu mahakamani, vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja. Kiwango cha juu kwa msimu huu ni karibu dola milioni 20.5 kwa chuo kizima, kwa michezo yote pamoja.

Linganisha namba hizo mbili. Mwanamume mmoja anaweza kulipwa karibu dola milioni 49 ili asifanye kazi. Mamia ya vijana wanaofanya kazi hiyo wanagawana dola milioni 20.5 kwa mwaka, na wengi wao watapata kidogo sana.

Mgeni aliyekuwa wa mwisho

Kama Penn State inataka kujua njia ya kutoka shimoni, imwangalie mgeni wake.

Kwa miongo mingi Indiana ilikuwa kicheko cha Big Ten, moja ya timu zilizopoteza michezo mingi zaidi katika historia ya mchezo huu. Chuo hicho kilijulikana kwa mpira wa kikapu. Mwaka 2023 timu yake ya futiboli ilishinda michezo 3 na kupoteza 9. Ndipo ikamleta Curt Cignetti kutoka James Madison, chuo kidogo cha Virginia. Alikuja na wachezaji wake kadhaa, akatafuta wengine waliokuwa tayari kuhama vyuo, na mwaka wa kwanza tu akashinda 11 na kupoteza 2.

Mwaka huu ni zaidi. Indiana iliipiga Illinois 63-10. Ilikwenda Oregon na kushinda 30-20, mahali ambapo wageni hutoka wameinamisha kichwa. Iliipiga UCLA 56-6, UCLA ile ile iliyoiangusha Penn State. Juma lililopita iliipiga Maryland 55-10. Mrushaji wake, Fernando Mendoza, kijana wa asili ya Kuba aliyehama kutoka Chuo Kikuu cha California, anatajwa kati ya wachezaji bora wa nchi nzima.

Siku nne baada ya Penn State kumfukuza Franklin, Indiana ilimpa Cignetti mkataba mpya wa miaka 8 wenye thamani ya karibu dola milioni 93. Iliharakisha kwa sababu iliona chuo tajiri kimebaki bila kocha. Jirani akipoteza mbuzi, unafunga zizi lako.

Kuna jambo moja Indiana haijawahi kufanya: kushinda kwenye Beaver Stadium. Katika historia yote ya timu hizi mbili, Indiana imeshinda mara 2 tu, mwaka 2013 na 2020, na mara zote ilikuwa nyumbani kwake, Bloomington.

Uwanja hauchezi

Mashabiki wa Penn State wanashikilia historia hiyo. Beaver Stadium inapokea watu zaidi ya 106,000. Ni wa pili kwa ukubwa Marekani, na ni mkubwa kuliko Stade des Martyrs ya Kinshasa, ambayo hesabu yake ya kawaida ni watu 80,000. Katika mchezo huu kelele zina kazi yake. Mrushaji wa timu ngeni lazima awaambie wenzake shambulizi linalofuata. Wasipomsikia, mtu mmoja anatoka mapema, anapewa adhabu, na yadi zinapotea.

Lakini sisi Wakongomani tunajua vizuri mpaka wa kelele. Tarehe 9 Septemba mwaka huu, Stade des Martyrs ilikuwa imejaa, Leopards wakaongoza 2-0 mbele ya Senegal, na bado tukapoteza 3-2. Watu waliimba mpaka sauti zikakauka. Waliofunga magoli walikuwa Wasenegali. Penn State yenyewe imepoteza nyumbani mara 2 msimu huu, na moja ilikuwa usiku wa kelele kubwa kuliko zote.

Hata hivyo, kuna kumbukumbu nyingine, na hii inatuhusu zaidi. Tarehe 25 Novemba 1995, kwenye ligi hii hii ya Big Ten, Ohio State ilifika Michigan ikiwa nambari 2 ya nchi, imeshinda michezo 11 kati ya 11. Michigan ilikuwa imekwisha kupoteza michezo 3 msimu ule. Hakuna aliyeipa nafasi. Siku hiyo mkimbiaji mmoja wa Michigan alibeba mpira kwa yadi 313, na Michigan ikashinda 31-23. Jina lake ni Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa na kulelewa Kanada. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa 8 kati ya vijana wote walioingia NFL.

Uwanja wa Michigan ni mkubwa kuliko Beaver Stadium. Lakini ushindi ule haukutoka kwenye viti. Ulitoka chini, kwa timu iliyoamua kukimbia na mpira, kumshika adui kwa mabega, na kuacha saa itembee. Hiyo ndiyo ramani peke yake ambayo Penn State inayo.

Penn State ina nini mkononi?

Ina wakimbiaji. Kaytron Allen na Nicholas Singleton wako mwaka wa mwisho wa masomo, na wamekwisha kukimbia maelfu ya yadi kwa miaka minne. Allen ndiye aliyebeba timu kule Iowa, kwa zaidi ya yadi 100. Kama Penn State itaweza kupata yadi 4 au 5 kila wanapobeba mpira, Mendoza atabaki pembeni akitazama. Mrushaji aliyekaa kwenye benchi hawezi kukuumiza.

Ina mrushaji kijana. Ethan Grunkemeyer ameanza michezo 2 tu ya chuo katika maisha yake, yote ugenini, yote kwenye viwanja vigumu. Jumamosi itakuwa mara ya kwanza kuanza nyumbani. Hatuwezi kumdai miujiza. Tunachoweza kutazama ni kama makocha watampa mipira mifupi na rahisi ya kumjenga, au watasubiri mpaka timu iko nyuma ndipo wamwambie atupe mbali. Kule Ohio State, walipolazimika kutupa, mambo yaliharibika.

Ina ulinzi wenye majina makubwa lakini unaopasuka. Hapa ndipo hofu yetu iko. Indiana haitegemei mtu mmoja. Inakimbia, inatupa, na inafanya makosa machache sana. Ulinzi wa Penn State umeonyesha kwamba unaweza kusimama kwa robo mbili. Haujaonyesha kwamba unaweza kusimama kwa robo nne.

Halafu kuna Terry Smith. Hana uhakika wa kazi yake baada ya msimu. Wasaidizi wake pia hawana. Kocha mpya anaweza kuja na watu wake wote. Katika hali hiyo, wachezaji wengine huanza kufikiria mizigo yao, na vijana kadhaa wa sekondari waliokuwa wameahidi kujiunga na Penn State wameondoa ahadi zao tayari. Lakini Smith ana faida moja: ni mtoto wa nyumba. Hasomi kwenye karatasi jezi ile inamaanisha nini.

Hesabu ya kuokoa msimu

Ubingwa umekwenda. Kilichobaki ni kidogo, lakini kipo.

Timu inayoshinda michezo 6 kati ya 12 inapata haki ya kucheza mchezo wa ziada wa mwisho wa mwaka. Penn State ina 3. Imebakiza michezo 4: Indiana Jumamosi hii, kisha Michigan State ugenini tarehe 15 Novemba, Nebraska nyumbani tarehe 22, na Rutgers ugenini tarehe 29. Inahitaji kushinda 3 kati ya 4. Ikipoteza kwa Indiana, inalazimika kushinda yote matatu yanayobaki, bila kosa.

Inawezekana? Michigan State na Rutgers si timu za kutisha mwaka huu. Na kuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2020, wakati wa Covid, Penn State hii hii ilianza kwa kupoteza michezo 5 mfululizo, na wa kwanza ulikuwa 36-35 kwa Indiana. Watu walisema imekwisha. Ilishinda michezo 4 iliyofuata. Wachezaji wengi wa sasa walikuwa bado sekondari wakati ule, lakini baadhi ya makocha, Smith akiwemo, walikuwepo.

Kwa hiyo mchezo wa Jumamosi una uzito wa namna mbili. Ushindi ungefuta nusu ya aibu ya msimu na kuvunja safari ya Indiana. Lakini hata kushindwa kuna aina mbili. Ukishindwa kwa pointi 3 baada ya kupigana mpaka sekunde ya mwisho, unakwenda Michigan State ukiwa timu. Ukishindwa kwa 30, ukiwa umekata tamaa katika robo ya tatu, unakwenda ukiwa kundi la vijana 100 ambao kila mmoja anatafuta njia yake.

Somo kwa mzazi wa Lancaster na wa Bukavu

Turudi kwa swali la mtoto: nikicheza vizuri, chuo kitanilipia?

Ndiyo, kinaweza. Kwa familia iliyofika Marekani na mabegi mawili, kulipiwa masomo ya chuo kikuu ni kitu kinachobadilisha ukoo mzima. Mzazi wa Bukavu anayehangaika kila muhula kutafuta minervali anaelewa hilo bila kufafanuliwa.

Lakini tazama nani aliyemwahidi. Kijana aliyechagua Penn State mara nyingi alimchagua Franklin, aliyekuja nyumbani kwao, akakaa na mama yake, akaahidi kumtunza. Jumapili moja mtu huyo hakuwepo tena. Aliondoka na mkataba unaomlinda kwa mamilioni. Kijana alibaki na goti lake, vitabu vyake, na kocha mpya ambaye hatamjua. Sheria sasa zinamruhusu kuhama chuo, na Indiana inaonyesha kwamba kuhama kunaweza kumfaa mchezaji. Hata hivyo kila kuhama ni hatari: masomo mengine hayahesabiwi kule unakokwenda, na si kila anayetoka anapata mlango mwingine.

Ndiyo maana ushauri wetu kwa mzazi ni mfupi. Mtoto achague chuo ambacho angependa kusoma hata kama goti lingevunjika siku ya kwanza. Asichague kocha. Kocha ni mpangaji ndani ya nyumba. Diploma ndiyo shamba.

Tunavyouona mchezo

Watabiri wengi wa Marekani wanaipa Indiana ushindi kwa tofauti ya zaidi ya pointi 10. Sisi pia tunaona Indiana itashinda. Ina mrushaji bora, inafanya makosa machache, na inajua inachotafuta. Lakini tunaona tofauti itakuwa ndogo kuliko wanavyosema. Timu iliyopoteza michezo minne kwa pointi 13 haijafa, na wachezaji wa mwaka wa mwisho wamebakiza michezo 2 tu mbele ya mashabiki wao. Allen na Singleton hawatapenda kukumbukwa kwa mwezi huu peke yake.

Tazama robo ya tatu. Kama Penn State itatoka mapumzikoni na kuendelea kukimbia na mpira, ikiwa mbele au nyuma kidogo, Indiana itakuwa na jioni ndefu, na chochote kinaweza kutokea mwishoni. Kama itatoka kama ilivyotoka kule Ohio State, bila pointi na bila hasira, basi watu wa Pennsylvania wataanza kuondoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho.

Kocha mpya atakapokuja, swali lake la kwanza litakuwa wachezaji gani wa kubaki nao. Jibu lake litaanza kuandikwa Jumamosi, mbele ya timu bora, wakati hakuna kikombe cha kushindania.